Kaka anasema kumuuliza daktari maswali ni kumtukana

Shikamoo Mama Muuguzi,

Mimi ni binti wa pili katika familia ya watoto watatu. Mama yetu ana miaka 61. Miezi tisa iliyopita kitu kiliungua jikoni mpaka moshi ukajaa nyumba, naye alikuwa amekaa hatua tano kutoka pale, ametulia kama hakuna kitu. Hakusikia harufu kabisa. Tulicheka, tukasema ni mafua. Baadaye akaanza kunyamaza. Huyu ni mama aliyekuwa hakosi neno, sasa anaweza kumaliza asubuhi nzima bila kufungua kinywa, na siku moja alitoka nje na viatu viwili tofauti na hakujali hata tulipomwambia. Kaka mkubwa akasema ni uzee.

Mwezi uliopita kichwa kikaanza kumuuma kila alfajiri, na macho anasema yana ukungu. Tukampeleka, akafanyiwa kipimo cha MRI. Ripoti inasema ana uvimbe wa sentimita 4 uliokaa juu ya pua, chini ya sehemu ya mbele ya ubongo, na unaonekana kuwa meninjioma. Daktari wa mishipa ya fahamu aliyetuandikia kipimo alisema yeye hapasui, tutafute daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Hakututajia jina.

Hapo ndipo mgogoro ulipoanza. Kaka ana daktari wake tayari. Alimpasua rafiki yake mgongo, diski, na siku ya tatu mtu akatembea. Tulikwenda, akatazama picha, akasema atafungua fuvu na nafasi ipo wiki mbili zijazo. Mimi sikuridhika, nikampeleka mama kwa mwingine. Huyo akasema angepitia puani, bila kufungua fuvu. Madaktari wawili, njia mbili, kichwa kimoja. Sasa yupi anatudanganya?

Bima nayo ni kizungumkuti. Mama ni tegemezi wangu kwenye bima ya kazini, ana miezi 14 tangu aingizwe. Dirisha la bima pale kwa daktari wa kaka walisema, "Bima yenu tunaipokea." Nikapiga simu kampuni ya bima, wakasema hospitali ipo kwenye orodha ila daktari huyo hayupo. Karani wa hospitali akanishauri tulipe kwanza, tutarudishiwa. Kaka naye anasema kwenye fomu niandike kwamba dalili zote zilianza mwezi uliopita, ili bima wasipate la kusema.

Nilipomuuliza yule daktari wa kwanza amewahi kutoa uvimbe wa aina hii mara ngapi, kaka alinikanyaga mguu chini ya meza. Tulipotoka nje aliniambia nimemtukana daktari mbele ya mgonjwa wake, na kwamba mtu anayekwenda kukushikia ubongo wa mama yako humuulizi vyeti. Sijalala vizuri tangu siku ile. Mama mwenyewe siku zote hizi ameuliza swali moja tu, kama atanyolewa nywele. Hakuna aliyemjibu.

Naomba ushauri wako.
Binti wa Pili

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya bima na kabla ya kaka yako, nianze na macho. Kichwa cha alfajiri pamoja na ukungu machoni, kwa mtu mwenye uvimbe wa sentimita 4 pale ulipo wa mama, si jambo la kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Kesho asubuhi mpigie yule daktari wa mishipa ya fahamu aliyeandika kipimo, umwambie maneno hayo hayo, umuulize mambo mawili: kama mama apimwe macho wiki hii, na kama anahitaji dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo unaouzunguka uvimbe wakati mnatafuta mpasuaji. Na akitapika mfululizo, akapata degedege, akalegea upande mmoja, akawa haamki vizuri au macho yakazima ghafla, acheni kutafuta vyeti. Kimbilieni idara ya dharura iliyo karibu, bima ijulishwe mkiwa njiani, kwa sababu mikataba mingi hutaka taarifa ya dharura ndani ya muda mfupi.

Yasipotokea hayo, muda mnao. Si wa kuchezea, lakini upo. Meninjioma huota kwenye utando unaofunika ubongo, si kwenye ubongo wenyewe, na nyingi si saratani na hukua polepole. Jina hilo lilitolewa na mpasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, mwaka 1922. Uvimbe wa mama huenda ulianza miaka mingi kabla ya ule moshi wa jikoni. Siku kumi za kuuliza maswali hazitamdhuru kama siku moja ya kuingia kwenye meza isiyo sahihi.

Sasa kaka. Nilisimama upande wa pili wa meza ya upasuaji miaka 27, nikiwapa wapasuaji vifaa mkononi, na nakwambia bila kupepesa: kuuliza ulivyouliza si matusi. Nilimwona mpasuaji mmoja akiulizwa swali hilo hilo na mzee aliyemleta mkewe. Alifungua daftari lake, akataja idadi, kisha bila kuulizwa akataja wangapi hawakurudi kama walivyokuwa, na sababu. Mzee akasaini. Nilimwona mwingine, mahali pengine, aliyejibu swali hilo kwa kuangalia saa. Sitasema zaidi ya hapo.

Lakini kaka yako ameona kitu cha kweli pia, na usimdharau. Mtu aliyempasua rafiki yake mgongo vizuri huenda ni fundi hasa. Tatizo ni kwamba ufundi wenyewe ni wa mgongo. Bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu husomea vyote, fuvu na uti wa mgongo, ila akishamaliza masomo kila mmoja huzama mahali pake, na kwa wengi kazi ya kila siku ni pingili na diski. Uvimbe wa mama uko kwenye sakafu ya fuvu, jirani na mishipa ya macho na mishipa mikubwa ya damu inayolisha sehemu ya mbele ya ubongo. Hiyo ni kazi yenye watu wake. Kwa hiyo lile swali lako lilikuwa zuri, ila lilikuwa pana. Safari ijayo uliza hivi: katika mwaka mmoja uliopita, uvimbe wa sakafu ya mbele ya fuvu umetoa mara ngapi? Wa mwaka huo, si wa maisha yako yote. Mtu anaweza kuwa alifanya mara thelathini akiwa mwanafunzi, akishika taa. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba kwa upasuaji wa namna hii, penye wagonjwa wengi wa aina hiyo matokeo huwa bora, na hilo linahusu hospitali nzima: wauguzi wa mahututi, daktari wa usingizi, maabara, wote.

Muulize pia nani hasa atashika kisu mwanzo hadi mwisho. Hospitali zinazofundisha, madaktari walio masomoni hushiriki, na si vibaya, mradi ujue yeye atakuwa chumbani wakati gani. Uliza usiku wa kwanza akilala kwake, nani yuko zamu anayeweza kumrudisha mama mezani damu ikivuja. Mimi ningelipa swali hili uzito kuliko vyeti vyote vya ukutani. Upasuaji wa ubongo mara nyingi hauharibikii mezani. Huharibika saa nane za usiku, na anayegundua ni muuguzi aliyeona mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko mwenzake.

Vyeti ni kazi nyepesi kuliko unavyofikiri, na huhitaji kumuuliza daktari hata kidogo, kwa hiyo mguu wako utapona. Chukua majina yake yote matatu kama yalivyoandikwa kwenye barua ya hospitali, pamoja na namba yake ya usajili. Uyapeleke kwenye baraza linalosajili madaktari la nchi yake. Mengi siku hizi yana rejesta unayoweza kuitafuta mwenyewe mtandaoni. Yasiyo nayo, piga simu au andika barua. Unatafuta mambo matatu: leseni ni hai mwaka huu, jina lake liko kwenye orodha ya mabingwa na ubingwa uliotajwa ni upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, na hakuna sharti au adhabu iliyobandikwa kwenye jina lake.

Hayo mawili ya mwanzo watu huyachanganya sana. Leseni inasema huyu ni daktari. Haisemi ni daktari wa nini. Marekani, kwa mfano, leseni hutolewa na jimbo, lakini ubingwa huu huthibitishwa na chombo kingine kabisa, American Board of Neurological Surgery, kilichopo tangu 1940, na mafunzo yake ni miaka 7 baada ya shule ya udaktari. Uingereza rejesta ya General Medical Council iko wazi kwa yeyote bila malipo, na ina sehemu yake maalumu ya mabingwa. Mafunzo ya fani hii huko huchukua kama miaka 8. Nakutajia hizo namba upate kipimo. Ukiona cheti chenye fremu ya dhahabu na muhuri wa nchi ya mbali, soma tarehe zake. Kuna vya mwaka mzima wa kukaa chumba cha upasuaji na kuna vya warsha ya siku tano, na ukutani vyote hutoshana.

Usiichukue tovuti ya hospitali kama ushahidi. Tovuti huandikwa na watu wa matangazo.

Kuhusu puani au fuvuni, hakuna anayewadanganya. Njia zote mbili zipo. Kupitia puani hakuachi kovu la nje na ubongo hausogezwi, lakini sakafu ya fuvu ikishatobolewa lazima izibwe vizuri, la sivyo maji ya ubongo huvuja puani na maambukizi hufuata njia hiyo hiyo. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na wawili, mpasuaji wa ubongo pamoja na daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Kufungua fuvu kunampa mpasuaji nafasi pana, na uvimbe ukiwa mkubwa, umetanuka pembeni au umekumbatia mishipa ya damu, wengi huona ndiyo njia salama zaidi. Kila mmoja alikwambia njia anayoijua mkono wake. Rudi kwa wote wawili na swali moja: kwa picha hizi za mama, kwa nini si ile njia nyingine? Atakayeeleza faida za njia ya mwenzake kwa haki kabla ya kueleza kwa nini haichagui, huyo anaujua uwanja wote. Na umuulize daktari wa puani mwenzake wa pua ni nani, wamefanya pamoja mara ngapi.

Ukienda, beba picha zenyewe kwenye diski, si karatasi ya ripoti peke yake. Mpasuaji anayekubali kupanga upasuaji kwa kusoma ripoti bila kutazama picha, mshukuru, uondoke.

Tukija kwenye bima, wewe na kaka mmeuliza dirishani swali ambalo dirisha halikuwa na jibu lake. "Tunaipokea bima yenu" maana yake hospitali ina mkataba na bima. Daktari ni mkataba wake mwingine, hasa pale ambapo anakodi chumba cha upasuaji tu na si mwajiriwa. Daktari wa usingizi naye ni wake. Msaidizi wa mpasuaji, yule wa pua, maabara itakayochunguza kipande cha uvimbe, kila mmoja anaweza kuja na ankara yake. Nimeona familia iliyohakikisha mpasuaji yuko kwenye orodha, ikaja kulemewa na ankara ya usingizi peke yake.

Na orodha ya bima nayo uielewe ilivyo. Ni orodha ya waliokubaliana bei. Daktari kutokuwemo si ushahidi kwamba ni mbovu, na kuwemo si ushahidi kwamba ni hodari. Kwa hiyo tafuta kwanza mkono, halafu uone bima inaufikia vipi. Usianze na orodha ukaishia kuchagua mkono ulio rahisi kulipiwa. Kama kwenye orodha yao hakuna anayefanya uvimbe wa sakafu ya fuvu, waandikie ukiomba kibali cha daktari wa nje ya orodha, ukiambatanisha barua ya daktari wa mishipa ya fahamu inayosema kwa nini. Mara nyingi kampuni zina utaratibu wa hilo, ila hawakutangazii. Uliza pia kama wanalipia maoni ya daktari wa pili.

Mpasuaji akishapatikana, ofisi yake iiombe bima idhini ya awali kwa maandishi, ikitaja jina la daktari, hospitali, jina na msimbo wa upasuaji, siku za kulala mahututi, na vifaa vitakavyobaki mwilini kama sahani na skrubu za fuvu. Hivyo vifaa husahaulika kila mara, sijui kwa nini. Wewe uliza kikomo cha kulazwa kimebaki kiasi gani mwaka huu na kama kuna kikomo kidogo ndani yake cha upasuaji wa ubongo. Barua ya dhamana, ile ambayo bima inaahidi kulipa, ikija, soma kiasi na tarehe ya mwisho. Upasuaji ukiahirishwa wiki moja, barua inaweza kuwa imekufa. Simu zote andika tarehe, saa na jina la aliyekujibu.

"Lipeni kwanza mtarudishiwa" usikubali kabla bima haijakuandikia itarudisha kiasi gani. Kwa kawaida hurudisha kwa bei yao, si kwa bei uliyolipa. Pengo ni lako.

Halafu ile fomu. Mwanangu, hebu hesabu na mimi. Bima ya mama ina miezi 14. Moshi wa jikoni ulikuwa miezi tisa iliyopita. Dalili ya kwanza ilikuja akiwa tayari ndani ya bima. Ukweli uko upande wenu, na kaka anataka kuubadilisha kwa uongo ambao hauna kazi! Daktari wa mishipa ya fahamu bila shaka aliandika kwenye faili kwamba mama hasikii harufu tangu lini, na kwa ankara ya ukubwa huu bima wataliomba faili hilo. Fomu ikisema mwezi mmoja na faili likasema tisa, hawatakujadili miezi. Watakataa dai zima kwa udanganyifu. Andika miezi tisa, mpaka tarehe kama unaikumbuka. Soma tu mkataba uone ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima wanauhesabu tangu dalili au tangu ulipogunduliwa, maana mpasuaji anaweza kuandika kwa nia njema kwamba uvimbe huu ni wa miaka mingi, na sentensi hiyo ikawapa bima mlango. Mwombe aandike kilichojulikana na lini.

Mwonyeshe kaka aya hiyo ya juu, ya hesabu. Mengine anaweza kuyaruka.

Nimeacha la mwisho lile lililonigusa zaidi kwenye barua yako. Uvimbe unaokandamiza sehemu ya mbele ya ubongo humfanya mtu anyamaze na asijali, ndiyo maana ya ukimya na ya viatu viwili tofauti. Haukuwa uzee. Na mtu huyo ambaye hakujali viatu vyake amejali nywele zake. Swali lake lina jibu. Akipitiwa puani, nywele kwa kawaida haziguswi. Akifunguliwa fuvu, mkato wa eneo hilo mara nyingi hupita nyuma ya mstari wa nywele ili kovu lifichike, na wapasuaji wengi siku hizi hunyoa utepe mwembamba tu, wengine hawanyoi kabisa. Huyu wenu anafanyaje, ni yeye wa kusema.

Mkirudi kliniki, hilo liwe swali la kwanza, na aliulize mama mwenyewe. Wewe na kaka mnyamaze, hata ikichukua muda, mtazame daktari anamgeukia nani anapojibu.

Mama Muuguzi